Kadi ya Mama

Samburu ninayoisema hapa si ile ya kaskazini. Ni mji mdogo wa Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani na kabla hujafika Taru. Watu wakisikia natoka Samburu huniuliza habari za ngamia. Sina ngamia. Baba yangu ni Mduruma wa hapo, mama ni Mdigo wa Msambweni, na kila kinachoshushwa bandarini kwenda bara lazima kitupitie mlangoni: mitumba, mafuta, magari, na enzi za utoto wangu, nyimbo.

Nyimbo zilifika ndani ya memori kadi. Mwaka 2012, nikiwa darasa la saba, mama alinituma dukani nikamjazie taarabu na kaswida. Wenye umri wangu mnayakumbuka maduka hayo: kompyuta moja kuukuu, spika mbili nje, na kijana ndani ambaye unampa kadi yako na shilingi hamsini, anaichomeka, wewe unarudi baada ya nusu saa. Nisilojua mimi, na alilosahau mama, ni kwamba ndani ya kadi ile mlikuwa na video ya dakika nne. Mama mdogo wangu akicheza chakacha usiku wa wanawake, kwenye harusi Msambweni. Kichwa wazi, leso kiunoni, kati ya dada zake na mashoga zake. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa hata kuchungulia.

Wiki iliyofuata video ile ilikuwa kwenye simu za makanga pale stegini. Ikapanda matatu, ikaenda Mombasa. Mumewe alionyeshwa na mtu kazini. Ndoa haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini mama mdogo hakukanyaga Samburu tena kwa miaka, na harusini akawa mtu wa kukaa kitini. Mimi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Duka lile halipo siku hizi, na hata lingekuwapo nisingelitaja.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja ambalo limenifanya nifuatilie historia ya vitu ambavyo watu wengi hawaoni kama vina historia. Ukipokea wimbo kutoka kwa mwenzio, nani mwingine anajua kwamba umeupokea, na amechungulia nini zaidi?

Enzi za wazazi wetu jibu lilikuwa rahisi. Kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ilipofika pwani ilikuta taarabu imekaa inaisubiri. Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma: sauti zao zilizunguka kwa kaseti kuliko kwa redio. Mombasa palikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service ambako ungepata kanda ya msanii umpendaye. Muuza kanda alijua unachopenda, ndiyo, lakini na wewe ulimjua yeye, na mkewe, na msikiti anaoswali. Akikutangaza, una pa kwenda kumshtaki. Halafu kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kanda ya dakika sitini ilihitaji karibu dakika sitini kuinakili, na kila nakala ya nakala ilizidi kukwaruza, mpaka ikafika mahali unasikia mvua tu. Uchakavu ule ulikuwa ulinzi. Siri ilichoka njiani. Video ya mama mdogo haikuchoka. Nakala ya mia ilikuwa sawasawa na ya kwanza.

Bluetuthi nayo ilikuwa na adabu zake. Ilifika mita kumi hivi, kwa hiyo aliyekutumia kitu alikuwa ndani ya gari hilohilo. Nakumbuka safari za Samburu hadi Mombasa, unatafuta simu zilizo karibu na majina yanajipanga: Mtoto wa Mama, Usinisumbue, Simba wa Kinango. Abiria wote wamejitaja bila kutajwa. Tulicheka, lakini ndivyo mambo haya yalivyo hadi leo. Ukitaka kupewa, lazima uonekane.

Huko Marekani kijana Shawn Fanning alikuwa ameanzisha Napster mwaka 1999, watu wakawa wanachukuliana nyimbo kompyuta kwa kompyuta. Mahakama ikaizima mwaka 2001. Zikafuata nyingine, Kazaa na LimeWire, na hapa ndipo niliposhtuka nikisoma. Mwaka 2002 watafiti wa maabara za HP waliitazama Kazaa na kukuta watumiaji wanagawia dunia nzima folda ambazo hawakukusudia kuzigawa, pamoja na barua pepe zao. Walidhani wanatoa nyimbo. Programu ilikuwa imefunguliwa kabati lote. Bana, ile ilikuwa kadi ya mama! Miaka kumi kabla ya yangu, kwenye nchi yenye umeme usiokatika, kosa lilelile.

BitTorrent, aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001, ilibadilisha jambo moja kubwa. Faili hukatwa vipande vidogo, na kila anayepokea vipande anawapa wengine alivyo navyo, kama watu wanaopitishiana ndoo kwenye moto. Ndiyo maana ina kasi. Lakini ili mtu akupitishie ndoo lazima ajue umesimama wapi, na mahali uliposimama ni anwani yako ya IP, ile namba ambayo mtandao unakufikia kwayo.

Mimi niliiona kwa macho nikiwa chuo Mombasa. Kebo ya TEAMS ilikuwa imeshafika Mombasa kutoka Fujairah tangu Juni 2009, na SEACOM mwezi uliofuata, kwa hiyo intaneti haikuwa tena ya kuombewa dua. Tulikuwa tunashusha filamu bwenini. Mwenzangu wa chumba akabonyeza sehemu ya programu ambayo sikuwahi kuigusa, ikatokea orodha: namba za watu wote waliokuwa wanachukua filamu ile saa ile, bendera ya nchi ya kila mmoja, na kiasi alichofikia. Mtu wa Brazil, asilimia 40. Mtu wa Ufilipino, asilimia 92. Na kama sisi tunawaona, wao wanatuona. Nikakumbuka Simba wa Kinango, ila huyu sasa hayumo garini.

Orodha hiyo haihitaji mdukuzi. Mwaka 2010 watafiti wa INRIA, Ufaransa, walieleza jinsi walivyokusanya kwa siku 103 anwani milioni 148 za watumiaji wa BitTorrent, pamoja na walichokuwa wanashusha, bila mtambo wowote wa ajabu. Kwa laini ya simu, anwani moja huenda mkaitumia wateja wengi kwa pamoja, basi mtu hudhani amejificha kwenye umati. Lakini kampuni ya simu inaweza kujua ilikuwa zamu ya nani, na laini zetu Kenya zimekuwa zikisajiliwa kwa kitambulisho tangu 2010.

Wajanja wa bweni walikuwa na dawa mbili. Ya kwanza, Tor. Hiyo wenyewe walioitengeneza waliikataza mwaka 2010: programu nyingi za torrenti huiandika anwani yako halisi ndani ya ujumbe, kwa hiyo unavaa barakoa kisha unajitaja jina. Ya pili ni VPN, na hiyo inafanya kazi kwa kiasi: walio kwenye orodha wanaona anwani ya VPN badala ya yako. Ila sasa mwenye VPN ndiye anayekujua, na kama ni ya bure jiulize anakula wapi. Tena ikikatika kidogo tu wakati torrenti inaendelea, umeshaonekana, ndiyo maana wanaojali huifunga programu isipite njia nyingine yoyote. Kuna pia kitufe cha usimbaji ndani ya programu hizo. Hicho kinamziba macho wa njiani asione unapitisha nini. Unayepeana naye vipande anakuona vilevile.

Samburu hakuna aliyehangaika na torrenti. Bando ilikuwa ghali. Huko ilikuja SHAREit, ikaja Xender, simu kwa simu bila intaneti, na filamu nzima inahama kabla chai haijapoa. Nilidhani tumerudi kwenye adabu za bluetuthi. Siyo kabisa. Programu hizo zilidai ruhusa ya mahali ulipo, ya picha, ya hifadhi yote. India ilipiga marufuku zote mbili Juni 2020, ingawa ugomvi wa mpaka na China ulikuwamo ndani. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ikatangaza kasoro kwenye SHAREit ambazo zingemwezesha mtu kuiba data ya simu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ikapitishwa Novemba 2019. Mwenye duka la nyimbo leo angekuwa na la kujibu. Lakini sheria hiyo inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, kwa hiyo kumshika kanga aliyemrushia mwenzake ni kazi nyingine. Mimi nimebaki na tabia zangu ndogo: kadi ya nyimbo haina kitu kingine ila nyimbo, simu yangu haina jina langu, na nikiuza kadi siamini kwamba kufuta kumefuta, kwa sababu programu za kurudisha vilivyofutwa zinapatikana bure.

Mwaka jana niliwapeleka mama na dada zangu harusini Msambweni. Usiku wa wanawake, mlangoni, kulikuwa na beseni la bluu, na kila anayeingia anaacha simu humo, imefungwa kikaratasi chenye jina. Aliyekaa na beseni ni mama mdogo. Mimi nilikuwa nimewashusha tu, nipo nje ya ua, natoa mizigo. Akaniita.

"Baba, hebu njoo. Simu yako?"

"Mama mdogo, mimi siingii. Na hii haina hata pa kuweka kadi."

Akanitazama, kisha akalisogeza beseni kwa mguu.

"Weka tu."

Nikaiweka. Ngoma ilikuwa imeanza ndani. Akachana kikaratasi, akaandika jina langu, akaifunga, akaingia.