Miguu ya ndege na ile kazi ya mwisho

Leo tarakilishi ipumzike kidogo. Tuzungumzie miguu ya ndege ndogo, zile ambazo watu hujiundia wenyewe nyumbani.

Mwaka 1927 wahandisi wa NACA kule Langley, Marekani, waliiweka ndege nzima, Sperry Messenger, mbele ya upepo wa mashine. Wakakuta miguu na magurudumu yake yanaleta karibu asilimia 40 ya ukinzani wote wa hewa!

Dawa moja ni kuikunja miguu tumboni, lakini hiyo ni uzito na gharama. Steve Wittman wa Oshkosh, Wisconsin, alichagua urahisi: mguu wa chuma cha springi. Cessna walinunua wazo hilo, likatokea kwenye Cessna 140 mwaka 1946. Katika Tailwind yake ya 1953 Wittman alitumia fimbo ya chuma ya mviringo, nyembamba kuelekea chini. Richard VanGrunsven akafuata njia hiyo katika RV-3, iliyoruka 1971.

Tatizo ni kwamba hewa haipendi fimbo ya mviringo. Ukinzani wake ni karibu mara 10 ya ule wa umbo la tone lenye unene uleule. Kwa hiyo mjenzi huivika fimbo kifuniko cha faibaglasi. Kisha kazi inaanza: ziba vitundu, piga msasa, paka praima, mulika taa kwa upande, ona mabonde, rudia. Kifuniko kikikaa mshazari kidogo tu, ndege huvuta upande mmoja safari nzima.

Sisi waandishi wa programu tunaijua kazi hii. Programu "imekwisha", imebaki kusafisha tu, na hapo ndipo tunapochoka.

Aprili 1995 Wittman, akiwa na miaka 91, alifariki pamoja na mkewe Paula, ndege aliyoiunda mwenyewe ilipovunjika angani Alabama. Wachunguzi walikuta kitambaa cha bawa hakikugandishwa ipasavyo. Kiliachia, bawa likatetemeka hadi likavunjika.

Huyu ndiye aliyewafundisha wengi kuunda ndege. Hakushindwa na hesabu wala chuma. Ni gundi na kitambaa. Basi ukisema "imebaki kumalizia tu", mkumbuke mzee Wittman, kisha urudi ukague tena.