Theluji Juu ya Majani Mabichi

Tarehe 10 Oktoba 2019 miti ya Winnipeg ilikuwa bado na majani. Machache yalikuwa yameanza kugeuka manjano, lakini mengi yalikuwa ya kijani na yameshika matawi barabara, maana baridi ya kuyapukutisha haikuwa imefika. Ndipo theluji ikaanza. Haikuwa theluji kavu ya Januari, ambayo upepo huipeperusha kama unga wa muhogo. Ilikuwa nzito, ya majimaji, inayonata, kwa kuwa joto la hewa lilikuwa limesimama karibu na sifuri. Ilikaa juu ya kila jani kama mchanga kwenye kiganja. Mti uliovuliwa majani hupitisha theluji katikati ya matawi. Mti wenye majani huipokea yote. Kwa siku tatu matawi yalikuwa yakivunjika, moja hapa, jingine kule, kwa mlio mkavu unaosikika hata ukiwa umefunga dirisha.

Baadaye manispaa ilikadiria kwamba miti ipatayo 30,000 ya barabarani na kwenye bustani za umma iliharibika. Ya kwenye viwanja vya watu haimo katika hesabu hiyo.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu Juni na Julai watu huvaa makoti, na sakitu ikishuka usiku shamba la viazi mviringo huamka limeungua, majani meusi kana kwamba moto umepita. Kwa hiyo sikuja Kanada nikiwa mgeni kabisa wa baridi, ingawa wenzangu wa Dar es Salaam walikuwa wakinicheka kwa kujisifia hilo. Jambo lililonichukua muda ni kujifunza kwamba huku baridi ina kalenda yake, na mji mzima umejengwa kwa kuiamini kalenda hiyo. Kamusi zetu huyaita majira haya vuli, neno ambalo kwangu ni mvua za mwisho wa mwaka na harufu ya udongo unaopandwa. Vuli ya tambarare za Manitoba ni kinyume chake: ni majira ya kuvuna, kufunga, kuziba na kufunika. Kila kitu kina wiki yake. Baridi ikitangulia hata kwa wiki mbili, inawakuta watu, miti na nyaya katikati ya kazi.

Miti yenyewe ina historia yake. Winnipeg imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioachwa na ziwa la kale la barafu, Agassiz, na uwanda wake ni tambarare kama meza. Kando ya mito kulikuwa na miti. Kwingine kulikuwa na nyasi. Mji ulipokua, wakazi walipanda mielmu mitaani, miti mirefu ambayo matawi yake hupinda na kukutana juu ya barabara kama dari. Watu wa hapa wanaipenda kwa namna ambayo mgeni huchelewa kuielewa. Mwaka 1957 manispaa ilituma wafanyakazi kwenda kuukata mwelmu mmoja uliokuwa katikati ya Wolseley Avenue, ambao unasemekana ulipandwa mwaka 1860. Wanawake wa mtaa wakauzunguka na kukataa kuondoka, polisi wakaja, na mwisho meya Stephen Juba akafika mwenyewe na kusimamisha kazi. Mti ule haukudumu. Wahuni waliuharibu baadaye na ukaondolewa. Mwaka 1975 ukaingia Manitoba ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na mbawakawa na kuua mielmu kutoka ndani, na tangu hapo mji umekuwa ukikata maelfu ya miti ili kuokoa mingine. Hiyo ndiyo miti iliyobaki na kuikuta Oktoba ya 2019.

Septemba ya mwaka ule ilikuwa imenyesha kupita kiasi. Udongo wa mfinyanzi ulishiba maji, na mashamba ya viazi yakawa matope yasiyoingilika kwa mashine. Kisha sakitu ikashuka. Kiazi kilichoganda ardhini hakihifadhiki. Ukikiingiza ghalani kinaoza na kuozesha wenzake. Zaidi ya ekari 10,000 za viazi ziliachwa mashambani mwaka ule katika jimbo la Manitoba, ukiwa mwaka wa pili mfululizo wa mavuno kukatizwa na baridi na mvua. Niliposoma habari hiyo nilimpigia simu mjomba wangu Njombe. Aliuliza kwanza kama wakulima wale wana bima. Nikamwambia wengi wanayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, hao hawajaungua kama sisi."

Mto nao ulipanda. Red River hutiririka kwenda kaskazini, na kwa kawaida hatari yake ni Aprili na Mei, theluji ya kusini inapoyeyuka huku kaskazini bado kumeganda. Mwaka 1950 mto huo uliingia mjini na watu wapatao 100,000 wakahama. Waziri kiongozi wa jimbo, Duff Roblin, akasimamia kuchimbwa kwa mfereji wa kuyapitisha mafuriko kando ya mji, kilomita 47, kazi iliyoanza 1962 na kwisha 1968. Wapinzani waliudhihaki kwa kuuita mtaro wa Duff. Mwaka 1997 mtaro huo ndio uliookoa mji, na kejeli ikageuka kuwa jina la heshima. Kwa miaka yote hiyo milango yake ilikuwa ikiendeshwa kwa ajili ya mafuriko ya majira ya kuchipua au ya kiangazi. Oktoba 2019 iliendeshwa kwa mara ya kwanza katika majira ya kupukutika majani.

Nje ya mji hali ilikuwa mbaya zaidi. Karibu umeme wote wa Manitoba hutokana na maji, na husafirishwa mbali. Theluji ya majimaji ilizizunguka nyaya hadi zikanenepa, upepo ukazitikisa, na nguzo za mbao zikaanguka kwa maelfu, pamoja na minara ya chuma. Shirika la umeme la Manitoba Hydro lilisema halijawahi kupata uharibifu wa kiwango hicho. Tarehe 13, Jumapili ya wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, waziri kiongozi Brian Pallister alitangaza hali ya dharura ili mafundi kutoka majimbo mengine na Marekani waweze kuja upesi. Katika maeneo ya maziwa, kaskazini-magharibi mwa mji, nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, na pampu za maji hutegemea umeme huohuo. Umeme ukikatika, nyumba hukosa moto na maji kwa wakati mmoja. Maelfu ya watu wakahamishwa, wengi wao wa jamii za wenyeji wa asili, zinazoitwa huku Mataifa ya Kwanza.

Wakaletwa Winnipeg, wakawekwa hotelini. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya usafi katika hoteli mojawapo. Mchana mmoja tulikuta ukumbi wa mapokezi umejaa: vikongwe kwenye viti vya magurudumu, watoto waliovaa soksi bila viatu, mifuko myeusi ya plastiki yenye nguo, na meza ya Msalaba Mwekundu wa Kanada yenye orodha ya majina. Nilifanya zamu na mama mmoja wa Uvira aliyekuja Kanada baada ya miaka kumi na moja ya kambi. Alisimama na toroli lake la mashuka akiitazama ile foleni.

"Kaka," akasema, "hawa nao ni wakimbizi?"

"Hapana, mama. Hawa ndio wenye nchi."

"Wenye nchi wanapanga foleni ya blanketi?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba usiku matawi yalipoanza kuvunjika aliwaamsha watoto na kuwaambia, "Mulale chini, mbali na dirisha." Mdogo wake aliyezaliwa kambini ndiye aliyemtuliza kwa kumwambia ni miti tu.

Mzee mmoja wa ghorofa ya tatu hakutaka tumbadilishie mashuka kila siku. Alisema alishaishi hotelini, anajua taratibu. Ilikuwa baada ya mafuriko ya 2011. Nilidhani anazungumzia wiki kadhaa. Alizungumzia miaka.

Hapa ndipo simulizi ya mtaro wa Duff inapopata upande wa pili, ambao mabango ya makumbusho huupitia harakaharaka. Mto Assiniboine nao hutishia mji, kwa hiyo karibu na Portage la Prairie kulichimbwa mfereji mwingine, ukakamilika 1970, wa kuyageuza maji yake na kuyapeleka Ziwa Manitoba. Kutoka ziwa hilo maji hushuka hadi Ziwa St. Martin, dogo, lenye kingo za chini, na kando yake wanaishi Waanishinaabe. Mwaka 2011 maji yaligeuzwa kwa wingi ili kuulinda mto wa chini pamoja na miji iliyoko huko. Ziwa St. Martin likafurika. Jamii ya Lake St. Martin ilihamishwa yote. Nyumba zilizoota ukungu hazikukalika tena, na watu walikaa Winnipeg mwaka baada ya mwaka, hotelini na kwenye nyumba za kupanga. Watoto walianza shule na kumaliza darasa baada ya darasa wakiwa mjini. Wazee wengine walifariki kabla ya kurudi. Mwaka 2018 kesi ya pamoja ya jamii nne dhidi ya serikali ilimalizwa kwa fidia ya dola milioni 90 za Kanada.

Sisemi mfereji usingechimbwa. Ninalala katika mji unaolindwa nao, na kodi ya chumba changu ni nafuu kwa sababu hakifuriki. Lakini watu wanaoyapokea maji hayo wana haki ya kutajwa katika sentensi ileile inayosifu uokozi, wala si katika tanbihi.

Umeme ulirejeshwa kijiji baada ya kijiji hadi karibu mwisho wa Oktoba. Mabasi yakaja. Mzee wa ghorofa ya tatu alishuka na mkoba mmoja, akamuuliza dereva mara mbili kama amethibitisha kwamba pampu za maji zinafanya kazi. Dereva hakujua. Mzee akaketi tena kwenye kiti cha mapokezi, mkoba magotini, akasubiri mtu wa Msalaba Mwekundu apige simu. Ilichukua dakika arobaini. Alipopata jibu alipanda, na mama wa Uvira akaenda kutandika chumba.