Bunduki ya masasi kumi na tano

Huku kwetu Goma ni vigumu kusema juu ya bunduki kama kitu cha kale. «Bunduki haizeekake», ndivyo banasemaka watu wa mji, na wana haki ya kusema vile. Tangu 1996 tumeona silaha za kila namna zikipita katika barabara zetu, na tena januari 2025, wakati M23 ilipoingia mjini. Mtu anaweza kutundika ukutani mkuki wa babu yake, ao ngao, na wageni wakamsifu. Akitundika bunduki, hata iwe ya miaka mia moja na makumi tano, mgeni hatauliza ni ya mwaka gani. Atauliza masasi iko wapi.

Lakini Ulaya na Marekani kuna watu wanaotumia feza mingi na maisha yao yote kwa kutafuta bunduki za zamani: zile zilizo chache, na hasa zile za majaribio ambazo fundi alitengeneza moja ao mbili mbele ya kiwanda kuanza kazi. Wengine wanafuata kabila moja tu, la bunduki za kartushi ambayo Kifaransa inaita «annulaire», maana yake ya pete. Sisi tutasema kartushi ya pete. Tumeona ni vizuri kuandika juu yake katika kitabu hiki cha desturi, ju historia yake ilipita Tanganyika na Maniema, na sehemu yetu katika historia ile haionekani katika kabati za wale wakusanyaji.

Tuanze na ufundi wenyewe. Bunduki za wazee wetu zilijazwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, risasi, halafu kushindilia na ufito. Moto ulitoka kwa jiwe, ndiyo bunduki ya gumegume, ao kwa kofia ndogo ya shaba, ndiyo bunduki ya fataki. Mwaka 1845 fundi mmoja wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alitwaa kofia ile ya fataki akaweka risasi ndogo juu yake. Ilikuwa karibu mchezo, ya kupiga shabaha ndani ya nyumba. Wamarekani ndio waliofanya mchezo ule kuwa kazi. Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa kartushi ndogo ya .22. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry, aliyefanya kazi kwa tajiri Oliver Winchester, alipata hati ya bunduki yenye bomba refu chini ya mtutu, ndani yake kartushi zimepangwa moja nyuma ya ingine. Mtu anashusha na kupandisha mkono wa chuma, na bunduki iko tayari tena.

Kitako cha kartushi ile kina ukingo unaozunguka kama pete, na ndani ya pete ndimo dawa ya moto inawekwa. Nyundo ikigonga ukingo, dawa inabanwa na moto unatoka. Ndiyo akili yake, na ndiyo ugonjwa wake. Ili ukingo ubanwe, shaba lazima iwe laini; na shaba ikiwa laini haivumilii baruti mingi. Tena ukingo ukisha kupondwa, umekwisha. Kartushi ya namna ingine, yenye fataki katikati ya kitako, unaweza kutoa fataki ile, kuweka mpya, kutia baruti na risasi, na kupiga tena. Ya pete, kwa mtu aliye mbali na kiwanda, ni ya kutupa.

Bunduki za Henry zilitengenezwa karibu 14.000 tu, na zile za kwanza zenye mwili wa chuma ni mia chache. Ndizo wakusanyaji wanazipigania. Iliyofuata, Winchester ya 1866, ilikuwa na mwili wa rangi ya njano unaong'aa kama chombo cha misa, na ilitoka karibu 170.000.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1871 Stanley alitoka Zanzibar kumtafuta Livingstone, na kati ya silaha zake mlikuwa Winchester moja na Henry moja. Siku zile kiwanda cha Winchester kilikuwa kingali hakijatoa bunduki ya fataki ya katikati (ilitoka 1873), basi zote mbili zilikuwa za kartushi ya pete. Kwa hiyo wakati wale wazungu wawili walipoamkiana Ujiji, kabila hili la bunduki lilikuwa limefika kwenye maji ya Tanganyika, ng'ambo tu ya Congo yetu.

Miaka mitano nyuma ya pale, mwaka 1876, Stanley alirudi, na katika inchi ya Maniema alikutana na Hamed bin Muhammed, yule watu wote wanaita Tippu Tip. (Juu ya jina lile wengine wanasema ni ju ya macho yake yaliyopepesa, mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake.) Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa katika kitabu mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake kuna habari ambayo kila mkusanyaji wa silaha angepaswa kuisoma.

Anaeleza kwamba Stanley aliwaonyesha bunduki akasema inatoa masasi kumi na tano. Tippu Tip akauliza: kwa mtutu mmoja? Ndiyo, kwa mtutu mmoja. Basi piga tuone. Stanley akasema kwanza walipe feza, ju kila sasi ina bei yake. Tippu Tip akawaza moyoni kwamba mtu huyu ni mwongo, na akamjibu kwa uongo mkubwa zaidi: kwamba kuna upande kule ambako watu wana upinde unaotupa mishale makumi mbili kwa mara moja, na kila mshale unaua mtu wake. Stanley akasimama, akatoka inje, akapiga mara kumi na mbili, halafu akatwaa bastola akapiga mara sita. Wote wakashangaa. Na Tippu Tip akafanya kile ambacho mtu wa akili anafanya: akauliza namna ya kuijaza, akaonyeshwa.

Tunapenda habari hii ju haina ule uzushi wa «mwafrika aliyekimbia mlio wa bunduki». Tippu Tip alikuwa na bunduki mingi kuliko mzungu yeyote aliyepita Maniema siku zile. Alishangaa kama fundi anavyoshangaa mbele ya kazi ya fundi mwingine, na kwanza alimcheka. Na mzungu naye alijua bei ya kila sasi yake: katikati ya Afrika hangeweza kununua ingine.

Hapo ndipo tunaona sababu kwa nini silaha ile haikuacha uzao huku. Bunduki bora ya wakati wake ilikuwa mbaya kwetu. Masasi yakiisha, ilikuwa fimbo. Gumegume, hata ikipiga mara moja kwa dakika, ilikula kila kitu: baruti ya biashara, kipande cha chuma, hata kijiwe.

Halafu ikaja sheria. Tarehe 2 julai 1890 wakubwa wa Ulaya walitia sahihi Mkataba wa Brussels. Toka mstari wa 20 kaskazini mpaka wa 22 kusini, silaha mpya na kartushi zake zilikatazwa kuingia. Wenyeji waliachiwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida. Walisema ni kwa kuzuia biashara ya watumwa, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini askari wa Leta hawakuguswa na katazo: walikuwa na Albini, na ndani ya miaka michache, toka 1892 mpaka 1894, walivunja nguvu ya waarabu wa Maniema. Wakati huohuo mafundi wa Liège waliendelea kutengeneza gumegume ambazo Ulaya hakuna askari aliyezitaka tena. Ile pupu ambayo wawindaji wa Maniema na Katanga wanajua, ndugu ya gobori ya Tanzania, ni mtoto wa sheria ile. Wengine wanasema ni ya ujinga wa kijiji. Hapana: ilipangwa mezani Brussels.

Kuna pia jina la kukumbuka. Katika picha ya 1872 iliyopigwa London, nyuma ya Stanley anasimama kijana Kalulu, aliyembebea bunduki. Alipewa Stanley na mfanyabiashara mmoja mwarabu wa Tabora, akavushwa bahari mbili, na mwaka 1877 alizama katika maporomoko ya mto Congo ambayo Stanley aliyaita kwa jina lake. Mkusanyaji anaweza kukuambia namba ya bunduki, mwaka wake, na mikono ya kizungu iliyoishika. Mikono iliyoibeba katika matope haina namba.

Je, tukusanye sisi? Kuziweka nyumbani, hapana. Sheria ya tarehe 3 septemba 1985 juu ya silaha inataka ruhusa ya Leta, na hata bila sheria, katika Kivu bunduki iliyolala inaamshwa upesi. Katika miaka ya 2000 shirika PAREC lilitoa baiskeli kwa kila bunduki huko Katanga, na sisi tunaona baiskeli ina faida zaidi. Zikatwe. Lakini mbele ya kukatwa, mtu atazame na aandike.

Chini ya mtutu wa bunduki iliyopita Liège kuna alama ndogo kama yai, ndani yake herufi ELG, ya nyumba ya kujaribia silaha ya mji ule. Toka 1893 waliongeza taji juu ya yai. Yai bila taji, basi mtutu ule ulijaribiwa mbele ya mwaka ule. Na taji, nyuma yake. Penseli na karatasi juu ya chuma vinatosha kuchukua chapa. Jina la kijiji liandikwe pembeni, na maneno ambayo wazee wanatumia kwa kila sehemu: mtambo, mtutu, ufito, kibweta cha fataki. Jina la mwenye bunduki liachwe, ju ya usalama wake.