Kumchagulia Mtoto Shule ya Mjini

Mzazi wa Salamabila atakaye kumpeleka mtoto sekondari ya Bukavu ana shule nyingi mbele yake. Babu zetu hawakuchagua. Kwa mapatano ya mwaka 1906 wamisioni Wakatoliki walipewa ardhi ili wafungue shule, na kwa miaka mingi mtoto alisoma misioni au hakusoma. Mwaka 1938 Wajesuiti walifungua koleji Bukavu, lakini kwa watoto wa Wazungu. Mwaka 1954 waziri Buisseret wa Ubelgiji alianza kuwafungulia Waafrika shule za serikali zisizo za dini. Ndipo wazazi wa mijini walipoanza kuchagua, tena kwa mabishano makali.

Koleji ile leo yaitwa Alfajiri, na watoto wetu huingia. Lango limefunguka, lakini jina la lango halimfundishi mtoto. Uliza kwanza: atalala kwa nani? Nani ataangalia daftari zake jioni? Feza ya dhahabu huja na kwenda, na sekondari ni miaka 6. Heri shule ndogo ambayo mtoto ataimaliza kuliko kubwa atakayofukuzwa kwa kukosa malipo.