Kurekebisha nguvu za injini katika garimoshi la kompyuta

WENGI wanaojifunza kuendesha garimoshi kwenye kompyuta hukumbana na tatizo lile lile: mabehewa ya mizigo yakishafungwa, injini hukwama mlimani, na mtu hukimbilia kuongeza nguvu. Mara nyingi huwa amegusa mahali pasipofaa.

Katika Microsoft Train Simulator, programu iliyotolewa mwaka wa 2001, na katika Open Rails, ambayo hupatikana bila malipo na husoma faili zile zile, kila injini ina faili yake ya maandishi inayoishia kwa herufi "eng". Humo mna mistari mitatu ya kuangaliwa: MaxPower, yaani nguvu, MaxForce, yaani kani ya kuvuta, na MaxVelocity, kasi ya juu kabisa. Katika mazungumzo ya kila siku viwili vya kwanza twaviita "nguvu" vyote, na hapo ndipo hesabu huharibika.

Kani ndiyo huung'oa msafara uliosimama. Nguvu huamua kani hiyo itadumu hadi kasi gani. Chukua SD40-2, injini ya dizeli iliyoanza kuundwa Marekani mwaka wa 1972. Hutajwa kuwa ya nguvu-farasi 3,000, yaani takriban kilowati 2,237. Lakini sehemu ya nguvu hizo hupotea njiani kabla ya kufikia magurudumu. Tukadirie kuwa zinazofika relini ni kilowati 1,850. Zigawanye kwa kasi. Kwa kilomita 18 kwa saa, ambazo ni mita tano kwa sekunde, utapata kilonyutoni 370. Kwa kilomita 72 kwa saa hubaki 92.5 pekee.

Kuna pia mshiko wa magurudumu. Injini ya tani 167, mshiko ukiwa robo ya uzito wake, haiwezi kuvuta zaidi ya kilonyutoni 410 hivi. Ukiandika 800 kwenye MaxForce, katika Open Rails magurudumu yatazunguka bure, hasa mvua ikinyesha.

Kwa hivyo, msafara ukikwama mlimani kwa kasi ndogo, heri upunguze mabehewa au uongeze injini ya pili. Ukiondoka vyema kisha ukazorota kwenye tambarare, hapo chunguza MaxPower.

Nakili faili kabla ya kuigusa, andika kipimo pamoja na tarakimu, mathalani 1850kW, na uihifadhi kwa Unikodi kama ilivyokuwa. Mabano mamoja yakipotea, injini nzima yaweza kukataa kufunguka.