Shali Inayopita Kwenye Pete



Ukikaribia mwezi wa Shaaban duka letu hujaa. Kila mtu anataka harusi yake ipite kabla ya Ramadhan, na kila harusi ina vyake: shali ya bi harusi, vitambaa vya makochi vya nyumba mpya, kofia na soksi za mtoto wa wifi aliyejifungua wiki hiyo hiyo. Mwaka mmoja tulipokea kazi 7 kwa pamoja. Tukatundika vikapu 7 ukutani, na kila kikapu kilikuwa na kazi iliyofika nusu. Shali ya bi harusi mmoja tuliimaliza usiku wa kuamkia harusi, macho yamejaa usingizi, na ile mikia ya uzi tukaikata karibu karibu badala ya kuichomeka ndani. Kesho yake ukumbini bangili ya shangazi mtu ikanasa pembeni mwa shali. Uzi ukaanza kufumuka, kitanzi baada ya kitanzi, bi harusi amekaa pale mbele ya watu.

Mama yake hakutugombeza. Siku ya tatu alikuja dukani na shali ile, ameikunja vizuri ndani ya karatasi, akasema, "Wanangu, kazi nzuri, lakini haikwisha." Pesa tulimrudishia. Lile neno ndilo lililobaki nasi, na ndilo lililotutuma kusoma habari za waliofuma kabla yetu: walibebaje kazi nyingi kwa wakati mmoja, na walimalizaje?

Tuanzie Misri, maana vitu vya kale kabisa vilivyobaki vya ufumaji huu wa sindano mbili na zaidi vimetoka huko. Kuna soksi za zamani zaidi, za karne ya 3 hadi ya 5, zilizochimbuliwa Misri na sasa ziko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Ni nyekundu, na kidole gumba kimetengwa na vidole vingine ili mtu avae na ndara. Mnaocheka, angalieni kwanza soksi mlizovaa na ndara zenu. Lakini zile zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, uzi ukipitishwa wote kila mara, na hiyo ni kazi nyengine. Soksi za kufuma hasa, za pamba nyeupe na buluu ya nili, ni za Misri ya Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14. Nyingi zilianziwa vidoleni zikapanda juu mpaka mguuni, na baadhi yake zina nakshi za herufi za Kiarabu za mtindo wa Kufi. Sisi tunaofunika miguu wakati wa sala tulipozitazama picha zile tulijisikia tuko nyumbani.

Kutoka huko ufundi ukaonekana Andalusi na Hispania. Karibu na mji wa Burgos kuna monasteri ya Las Huelgas, iliyoanzishwa mwaka 1187, walikozikwa wafalme na watoto wa wafalme. Katika miaka ya 1940 makaburi yao yalipofunguliwa na kuchunguzwa, ndani ya kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa mkono. Una nakshi za ndege na maua, na pembezoni mwake limefumwa kwa Kiarabu, tena na tena, neno baraka. Wataalamu wanaona ni kazi ya mafundi wa Kiislamu. Kwa hiyo mtoto wa mfalme wa Kikristo amelalia neno letu kwa karne zote hizo!

Kilichotushangaza zaidi ni udogo wa vitanzi: kiasi cha 8 katika sentimita moja. Sweta ya mtoto tunayofuma dukani ina vitanzi 2, ukijitahidi 3. Mwenye kufuma hivyo hawezi kusema "hapa hapataonekana." Kitanzi kimoja kikikosewa, herufi imeharibika, na neno halisomeki tena.

Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi. Tangu hapo mkono ulibakiwa zaidi na yale ambayo mashine haiyawezi, au na pale ambapo mashine haikufika. Na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu tunafika visiwani, na sisi ni watu wa visiwa.

Shetland ni visiwa vya kaskazini kabisa ya Scotland. Baridi, upepo, wanaume baharini. Wanawake walikuwa wakilima, wakichunga, wakibeba mboji kavu mgongoni kwa matenga, maana miti ni michache na mboji ndiyo kuni zao. Na huku wanatembea na tenga mgongoni, mikono inafuma! Ziko picha za zamani zinazoonyesha hivyo. Siri yake ilikuwa mkanda wa ngozi kiunoni wenye kifuko kilichojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja ilichomekwa kwenye tundu ikasimama yenyewe, mkono wa kulia ukabaki huru kuuendesha uzi kwa kasi. Sindano zenyewe zilikuwa na ncha pande zote mbili.

Lakini si kila kazi ilikuwa ya njiani. Soksi na nguo nzito ndizo zilizokwenda na mboji. Lesi nyembamba ilitaka mikono laini, mwanga mzuri na utulivu, na kisiwa cha Unst ndicho kilichosifika kwa lesi hiyo. Kondoo wao hawakukatwa manyoya kwa mkasi. Yalinyonyolewa kwa mkono wakati yanapoachia yenyewe, na yale malaini ya shingoni yakawekwa mbali kwa kazi nzuri. Yakasokotwa kwa mkono uzi mwembamba mno, ikafumwa shali pana ya kumfunika bi harusi mabega mpaka chini, kisha ikapitishwa yote ndani ya pete ya ndoa. Ndiyo maana ikaitwa shali ya pete. Mwaka 1851 kazi za Shetland zilionyeshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London, na mabibi wakubwa wakazigombania.

Sasa tuje kwenye kumaliza, maana hapo ndipo tulipoumia sisi. Shali ilipotoka kwenye sindano haikuwa na sura ya kuuzwa. Inakuwa kama kitambaa kilichokunjamana, ua halionekani. Ilioshwa taratibu, iliyotakiwa iwe nyeupe sana ilitundikwa ndani ya pipa juu ya moshi wa salfa. Kisha iliwambwa ikiwa mbichi kwenye fremu ya mbao, kila ncha ya pembezoni ikivutwa na kufungwa kwa kamba, mpaka vitundu vyote vikafunguka. Ikakaukia hapo hapo. Palikuwa na wanawake ambao kazi yao ilikuwa hiyo ya kuosha, kurekebisha na kuwamba shali za wenzao, wakalipwa kwayo. Tulisoma habari hiyo mara mbili. Sisi tulikuwa tukiihesabu kama robo saa ya usiku wa mwisho, na kumbe watu waliifanya kuwa fani peke yake.

Wala hatukuwa na haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Kofia za viua tunazoziona vichwani mwa baba zetu kila Ijumaa zinapita kwenye mikono mingi: kuna anayechora, kuna anayeshona vitundu, kuna anayeunganisha kipande cha juu na cha pembeni. Mama zetu walikuwa na kofia mbili tatu ndani ya kikapu kimoja, wakatoa hii, wakarudisha ile, wali ukiwa jikoni, na kofia moja ikachukua miezi. Tumekulia ndani ya elimu hiyo, tukaenda kusomea cherehani, tukaisahau.

Kuna jambo jengine la Shetland, na hili lina uchungu. Wanawake wale hawakuwa wakilipwa pesa. Walipeleka kazi kwa mfanyabiashara, naye akawapa chai, sukari, kitambaa. Aliyetaka unga wa kulisha watoto ilimlazimu atoke na chai ile akabadilishane na jirani, kwa hasara. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Bwana William Guthrie kwenda kuchunguza, na wanawake wafumaji wakasimama mbele yake wakaeleza, wengine wakijua kabisa kwamba kesho watarudi kwa mfanyabiashara yule yule. Sheria ya mwaka 1887 ilibana mtindo huo, ingawa haukufa siku ile ile. Mabibi wa London walikuwa wakijifunika shali yenye thamani, na aliyeifuma hana senti mkononi.

Tunasema haya kwa sababu na hapa yapo. Tumeshawahi kuambiwa, "Nitawapa doti ya kanga, tusameheane." Kanga tunaipenda, lakini haiwezi kulipa kodi ya duka wala ada ya skuli. Sote tunayajua mafundisho ya dini yetu kuhusu ujira wa mfanyakazi na jasho lake. Bi harusi, ukikubaliana bei na fundi, mpe pesa, na mpe muda pia, kwa sababu kuwamba peke yake ni siku nzima, na siku hiyo ni sehemu ya bei. Na fundi naye asichukue kazi ya mtu huku anajua kwamba haitakwisha. Hilo kosa ni letu, tumeshalisema.

Siku hizi tuna vikapu 3 tu ukutani. Kimoja ni cha daladala na foleni za hospitali: soksi, vitambaa vidogo, kitu ambacho mkono unakijua bila macho. Kimoja ni cha asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, na ndani yake mna shali tu. Cha tatu hakina sindano za kufumia kabisa. Kina sindano ya tundu pana, mkasi mdogo, pini na kitambaa cheupe, kwa ajili ya kuchomeka mikia, kukagua pembe na kuwamba. Kazi haiingii kikapu cha tatu siku ile ile ilipotoka cha pili. Inalala kwanza, na sisi tunalala. Mteja wa nne akija tunamwambia tarehe, na akikasirika tunamuelekeza kwa fundi mwengine. Mwaka huu wamekasirika wawili.

Tunavyoandika hivi, kuna shali nyeupe imewambwa kwa pini juu ya godoro chumba cha nyuma, ya bi harusi wa Alkhamisi. Jana ilipokauka mara ya kwanza mmoja wetu alivua pete yake tukajaribu. Ilipita robo, ikakwama. Uzi wetu wa dukani ni mnene, na kondoo wa Unst hatunao. Tukairudisha kwenye maji, tukaiwamba upya, na mikia yote 14 tumeihesabu imechomekwa.