Kutoka Tiba ya Tukio hadi Tiba ya Kudumu: Historia ya Matunzo ya Magonjwa ya Moyo na Mishipa ya Damu Dodoma na Nyanda za Kati za Tanzania

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba ya moyo nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kwa kufuata majengo na mashine. Mwaka 2008 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upasuaji wa moyo wa kufungua kifua. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa jijini Dar es Salaam kama taasisi inayojitegemea. Mwaka huohuo Hospitali ya Benjamin Mkapa ilizinduliwa Dodoma, ambako huduma za kibingwa za moyo zilianza kutolewa katika miaka iliyofuata. Kwa wakazi wa nyanda za kati, waliolazimika kusafiri takribani kilomita 450 kufuata huduma hizo Dar es Salaam, badiliko hilo si dogo.

Hata hivyo, masimulizi ya aina hii huacha nje sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Makala haya yanajenga hoja kwamba huduma za afya za nyanda za kati zilijengwa, kwa sehemu kubwa ya historia yake, ili kukabili magonjwa yanayokuja na kuondoka. Ilhali magonjwa ya moyo humtaka mgonjwa na mhudumu wakutane tena na tena, kwa miaka mingi, hata pale mgonjwa asipohisi maumivu yoyote.

2.0 Urithi wa Tiba ya Tukio

Tiba ya kimagharibi iliingia Ugogo kwa njia ya misafara. Mpwapwa, kituo cha wasafiri waliokwenda Tabora na Ujiji, ilimpata daktari wa Church Missionary Society, Edward Baxter, katika miaka ya 1870. Kazi ya daktari wa aina hiyo ilikuwa homa, vidonda na majeraha. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, mji ulianza kukua, lakini majanga yaliendelea kuamuru vipaumbele. Mtunya, njaa kuu iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliua makumi ya maelfu ya watu. Katika mazingira hayo, kuokoa maisha kulimaanisha kuvuka msimu.

Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, ilishughulikia maradhi ya muda mrefu. Lakini huko mgonjwa aliondolewa nyumbani ili atunzwe. Namna ya kumtunza mgonjwa wa kudumu akiwa kijijini kwake ilikuwa bado haijajengwa.

Maarifa ya kitabibu ya enzi hizo nayo hayakuleta msukumo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya vipimo vya wanaume wapatao 1,000 wa Kavirondo, nchini Kenya. Alieleza kwamba shinikizo la damu halikupanda kadiri umri ulivyosonga. Vipimo hivyo huenda vilikuwa sahihi kwa watu wale na wakati ule. Tatizo lilitokea pale hali ya kihistoria ilipochukuliwa kuwa sifa ya mwili wa Mwafrika. Ugonjwa usiotarajiwa hautafutwi, na usiotafutwa hauingii katika rejesta.

3.0 Mji, Chumvi na Lugha ya Presha

Utafiti uliofanywa nchini Kenya miongoni mwa Wajaluo waliohamia Nairobi, uliochapishwa mwaka 1990, ulitoa jibu zito. Shinikizo la damu la wahamiaji lilipanda ndani ya miezi michache tu, sambamba na ongezeko la uzito na la chumvi katika mkojo. Kilichobadilika ni maisha, kwani ukoo ulikuwa uleule.

Dodoma ni mji wa wahamiaji kwa uamuzi wa kisiasa. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulitolewa mwaka 1973, na uhamisho wa Serikali ukaharakishwa kuanzia mwaka 2016. Sensa zinaonesha kuwa wakazi wa jiji waliongezeka kutoka zaidi ya 410,000 mwaka 2012 hadi zaidi ya 765,000 mwaka 2022. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulibainisha kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Lugha ya kila siku huzungumzia “presha ya kupanda” na “presha ya kushuka”. Vitenzi hivyo huufanya ugonjwa uonekane kama tukio: unapanda, unatibiwa, unashuka, dawa zinaachwa. Kitabibu, shinikizo la juu huweza kudumu miaka bila dalili, likiumiza moyo, figo na ubongo hadi kiharusi kinapotokea. Mantiki ya “imeshuka” inafanana na ile ya huduma zenyewe, ambazo kwa muda mrefu zilimfundisha mgonjwa kwamba aliyepona haendi zahanati.

4.0 Penisilini, Vali na Mboga za Majani

Mfano ulio wazi zaidi ni homa ya rumatiki. Huanzia kwenye maambukizi ya koo, aghalabu utotoni. Kinga ya mwili inapoyapiga vita maambukizi hayo huweza kuzishambulia vali za moyo. Sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne huzuia homa hiyo isirudi. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu. Kilicho adimu ni mfululizo wake.

Mfululizo ukikatika, vali huharibika na upasuaji huhitajika. Hata hapo safari haiishi. Mwenye vali ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara: ikiganda kupita kiasi, vali huziba, ikiwa nyepesi kupita kiasi, mgonjwa huvuja damu. Vitamini K iliyomo katika mboga za majani, kitoweo cha kila siku cha kaya nyingi za nyanda za kati, hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hivyo ulaji wake unapopanda masika na kushuka kiangazi, kipimo cha dawa nacho huhitaji kuangaliwa upya. Upasuaji uliofanikiwa Dar es Salaam unaweza kupotea Chamwino au Kongwa kwa kukosa kipimo kimoja.

5.0 Hitimisho

Tiba ya kudumu vijijini si ndoto. Tangu mwaka 2004, mpango wa kitaifa wa dawa za kupunguza makali ya VVU umeonesha kwamba kliniki zinaweza kumfuatilia mgonjwa kwa kadi, kwa tarehe na kwa jina, mwaka baada ya mwaka. Swali la kihistoria ni kwa nini mgonjwa wa moyo hakupewa mfumo huo mapema, na jibu limo katika urithi ulioelezwa hapo juu. Kwa hiyo mwanahistoria wa tiba ya moyo Dodoma hana budi kutazama mbali zaidi ya jiwe la uzinduzi. Ushahidi wake wa msingi umo katika rejesta za zahanati: nani alirudi mwezi uliofuata, na nani hakurudi.